Ujumbe Usiofika kwa Mzee Kalama

Kila jioni pale Ganda, kazi ya Nyevu ilikuwa kuwarudisha mbuzi wa baba yake zizini. Alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na miguu yenye mbio za ajabu, hasa ikielekea mchezoni.

Jioni moja mbuzi walizidi mmoja: jike mweupe mwenye sikio lililochanika, akila kama mgeni aliyealikwa. Mwaringa, babake Nyevu, alimtuma binti yake kwa Mzee Kalama, mzee wa kijiji, akaseme kuna mbuzi aliyepotea, mwenyewe aje amchukue. Njiani Nyevu aliwakuta wenzake wakicheza kati, ule mchezo wa kukwepa mpira, akaingia. Giza lilimkuta hapo hapo, akarudi nyumbani.

"Umemwambia?" baba aliuliza.

"Nimemwambia, baba."

Neno jepesi, halikumchosha hata ulimi.

Wiki iliyofuata Sanga, mwenye mbuzi, alimwona mnyama wake kwa Mwaringa, akaleta polisi. Mwaringa akashtakiwa kwa wizi. Kortini alikana, akasema alituma ujumbe. Lakini Mzee Kalama alipoulizwa, alisema hakupata ujumbe wowote. Hakuna aliyejitokeza kumwekea Mwaringa dhamana, akabaki rumande. Mvua za masika zikanyesha, majirani wakapanda mahindi; shamba lake likaota magugu. Shuleni, mwenzake Pola alikuwa akimlilia "mee" kama mbuzi kila Nyevu alipopita. Nyevu, bingwa wa kujibu, alikuwa akiongeza mwendo tu.

Kisha akaja nyumbani kwao wakili Tanvi kutoka Malindi, anayewatetea bure wasio na uwezo. Nyevu alimwamkia, akamwuliza baba atathibitishaje kwamba yeye si mwizi.

"Hilo si jukumu lake," wakili alisema. "Anayeshtaki ndiye wa kuthibitisha, tena athibitishe kwamba baba yako alikuwa na nia ya kuiba. Utetezi wetu ni kwamba hakuwa nayo. Sasa niambie, Mzee Kalama ulimwambia?"

Nyevu alilitazama zizi. "Sikufika. Nilicheza kati."

Wakili hakumkaripia. Alimwomba ayaseme hayo hayo mbele ya hakimu.

Siku ya kesi, hakimu alimwuliza kwanza kama anajua maana ya kusema kweli. Nyevu alijua, sasa. Alieleza alivyotumwa na alivyodanganya, huku baba akimsikiliza kutoka kizimbani, amekonda. Hakimu alisema mwenye nia ya kuiba mbuzi hamtumi mtoto akamtangaze. Penye shaka, mshtakiwa haadhibiwi. Akamwachilia.

Nyumbani, mahindi ya majirani yalikuwa yamepita magoti. Nyevu aliomba msamaha kwa machozi.

"Kucheza, hata mimi nilicheza," Mwaringa alisema taratibu. "Ungesema tu hukufika, ningevaa viatu nikaenda mwenyewe. Ukweli wako umenitoa, mwanangu, na nashukuru. Lakini ungeusema jioni ile, nisingeingia."

Kisha akampa jembe. Msimu wa mahindi ulikuwa umewapita. Wakaanza kupanda mihogo.