Mkimya Si Mwoga

Kila asubuhi dada mkubwa alifungua dirisha la duka la ushonaji na kuwasalimia wapita njia wote. Aliwatania, akacheka nao. Mtaa mzima ulimwita Kasuku. Mdogo wake alikaa nyuma akitia uzi kwenye cherehani. Huyo walimwita Kimya, tena kwa sauti ya huruma, utadhani anaumwa. Haumwi kitu!

Mama yao, fundi mwenye duka, alikuwa na desturi moja. Kitambaa cha bibi harusi hukatwa mbele ya mwenyewe, asije akasema kimeibwa kipande. Kazi hiyo alimpa Kasuku.

"Asiyeogopa watu hataogopa kitambaa," alisema. "Na wewe Kimya, Jumamosi unakwenda kwa mjomba wako, ukahudumie wageni hotelini. Huko utachangamka."

"Mama, mimi napenda kushona."

"Mwoga hawezi kuwa fundi, mwanangu. Wateja watakumeza."

Roho ilimuuma Kimya. Alikuwa hamwogopi mtu. Hakuwa na la kusema tu.

Siku hiyo hiyo bibi harusi mmoja alikuja na shangazi zake. Kasuku aliwachekesha mpaka wakashika mbavu. Kisha akashika mkasi, na kicheko kikakauka. Nikikosea je? Wote wananitazama! Akaharakisha ili amalize. Akakata mkono mmoja wa gauni mfupi kuliko mwenzake.

"Ametuharibia!" shangazi mmoja akapiga kelele.

Kasuku akakimbilia chumba cha nyuma akilia. "Sifai! Sifai kwa lolote!"

Kimya akachukua futi, akapima kitambaa kilichobaki. "Kinatosha mkono mwingine," alisema. "Mje kesho."

Wakaondoka wakinung'unika. Jirani wa duka, mshauri nasaha wa kliniki, alikuwa amekaa pembeni akisubiri sketi yake. Aliona yote.

"Fundi," alisema, "hapa mwoga ni nani?"

Mama akageuka kumtazama Kimya, futi bado mkononi mwake.

"Unachanganya mambo mawili, mama. La kwanza ni hili: mtu anapata wapi nguvu? Kasuku akiwa na watu, anachangamka. Kimya watu wakizidi anachoka. Akikaa na kazi yake, anapata nguvu."

"Na la pili?"

"La pili ni wasiwasi. Kuna watu ambao hofu huwapanda upesi, na huchelewa kushuka. Kosa dogo wanaliona kubwa. Mcheshi anaweza kuwa na wasiwasi mwingi. Mkimya anaweza kuwa mtulivu kabisa. Umewaona wote wawili leo."

Kasuku alitokeza kichwa mlangoni, macho mekundu. "Kwa hiyo mimi ni mgonjwa?"

"Hata kidogo. Ni tabia. Sehemu umezaliwa nayo, sehemu imetokana na maisha. Hofu ikipanda, usikimbizane nayo. Sema moyoni, 'Hii ni hofu.' Toa pumzi polepole. Fanya mazoezi kwenye kitambaa kikuukuu kabla ya kizuri. Lakini wasiwasi ukikunyima usingizi na chakula siku nyingi, njoo kliniki, tukusaidie."

Mama alikuwa bado anabisha. "Hayo nimesikia. Lakini wateja wanataka mtu mchangamfu. Kimya lazima abadilike."

Ndipo Kimya akasimama.

"Mama, nakuheshimu, lakini kwa mjomba siendi. Kusalimia wateja nitasalimia, hiyo ni adabu. Kuwa Kasuku, siwezi wala sitaki. Kesho nipe mkasi mimi, mbele yao wote."

"Na ukikosea?"

"Fundi gani hajawahi kukosea? Wewe hujawahi?"

Mama akausogeza mkasi mbele ya Kimya. Mshauri akacheka mpaka akasahau sketi yake.

Kesho yake shangazi wote walirudi, na nyuso zao zilikuwa zimekunjamana. Kasuku alitoa pumzi polepole, akapima kitambaa, kisha akapima tena. Wasiwasi wake ulipata kazi ya maana. Alipoona vipimo viko sawa, akampa mdogo wake mkasi, akaanza kuwapigia wageni soga.

Kimya akakata. Mkasi ukaenda moja kwa moja.

"Mbona huyu haongei?" shangazi mmoja akauliza kwa sauti. "Anatuogopa?"

Mama alitaka kuomba radhi, kama alivyozoea kufanya miaka yote. Kimya akamwahi. Alisimamisha mkasi, akamtazama yule shangazi usoni.

"Siwaogopi, shangazi. Ninakata."

Akaendelea kukata. Kasuku aliangua kicheko, na bibi harusi naye akacheka.

Gauni lilimkaa bibi harusi vizuri, mikono yote miwili. Jumamosi mjomba akapiga simu kuuliza mfanyakazi wake yuko wapi, mbona hajafika.

"Tafuta mwingine," mama akamjibu. "Huyu wangu ni fundi."