Jina la Walburga Kwenye Mfumo

Harufu ya udongo mbichi ilianza Jumatatu asubuhi kwenye meza ya kompyuta, wodi ya wazazi, na Sista Walburga akadhani ni mvua. Nje jua lilikuwa kali.

Alikuwa muuguzi kwa miaka ishirini na sita, katika kituo cha afya pembezoni mwa Songea, na miaka yote hiyo aliandika kwa kalamu. Mfumo wa kompyuta ulipoletwa, vidole vilimgomea. Kunegunda, mwenzake aliyemsimamia harusi, akajitolea kumwingizia taarifa, naye Walburga akampa neno lake la siri bila kufikiri mara mbili.

Wiki moja kabla, Subira, mzazi aliyetoka Nalasi, alivuja damu mpaka akafa kitanda cha nne. Mfumo ulisema alipimwa na Walburga saa nane, hali nzuri. Saa hiyo Walburga alikuwa chumba cha kujifungulia, akizalisha.

Mchana wa Jumatatu ile vitufe vikaanza kubonyea vyenyewe, polepole, na Walburga alipoinama kutazama akaona jina lake likijiandika mstari baada ya mstari, huku pumzi baridi ikimpitia shingoni na sauti ya kike, dhaifu, ya mtu aliyeishiwa damu, ikimwambia sikioni, “Nilikuita, Sista. Nilikuita.”

Alikwenda kwa Mzee Saleh, mganga wa Kitunduru, rozari kaificha mfukoni. Mzee alifukiza ubani, akasoma dua. Kisha akamweleza kwamba marehemu anamtafuta aliyeandika kuwa alimpima, na jina alilolikuta ni la Walburga. Hataondoka mpaka mwandishi mwenyewe asimame pale kitandani na kujitaja.

Walburga alimpeleka Kunegunda kitanda cha nne, akamsihi. Kunegunda alilia. Alikiri kwamba siku ile alichoka, hakumpima Subira, na aliogopa kufukuzwa kazi.

“Wanangu bado wadogo, dada,” alinong'ona. “Wako wameshakua.”

“Sikushtaki. Mtajie yeye tu jina lako.”

Shuka la kitanda kitupu likainuka kidogo, kama juu ya kifua kinachohema. Kunegunda akalikazia macho.

“Aliyekupima,” akasema, “ni Sista Walburga.”

Akatoka bila kugeuka. Vidole vya baridi vikamshika Walburga kifundo cha mkono, vikatulia pale wauguzi wanaposikilizia mapigo, vikaanza kuhesabu.