Taa Kwenye Ngome ya Kioo

Edgar Thwaite, jirani yetu wa ukuta kwa ukuta pale Isleworth, London, alikuwa fundi wa ngome zisizokuwapo. Usicheke, ndiyo kazi iliyomlisha. Mafundi wa studio ya sinema walijenga ngazi chache tu za mbao. Minara, madirisha na mawingu ya huko juu Edgar aliyachora kwa rangi juu ya kioo, nawe ukienda sinema ungeapa ni mawe matupu.

Mwaka ule wa baridi kali, vita vimeisha juzi, kioo kikubwa kilikuwa adimu kuliko siagi. Edgar akabahatika kupata kimoja, dirisha la duka la majeneza huko mashariki ya London. Mabomu yaliumaliza mtaa mzima kwa usiku mmoja, lakini kioo kile hakikupata hata ufa.

"Majirani wote wamekwisha, chenyewe kinang'aa," alisema Sid Purkiss, mpiga picha. "Mie ningewaachia wenyewe, bwana."

"Wenyewe wako wapi, Sid?"

"Si ndiyo nakwambia!"

Wakacheka, wakakibeba.

Siku ya kupiga picha, jua lilichungulia kidogo. Nesta, binti pekee wa Edgar, alikuwa amepewa kijisehemu cha mjakazi anayepanda ngazi na taa. Asubuhi alijiunguza kwa birika, kwa hiyo mkono wake ulifungwa kitambaa cheupe, lakini furaha haikumpungua. Sid aliziba nusu ya juu ya lenzi kwa kadi nyeusi ili huko juu filamu isione kitu. Hapo paliachwa kwa ajili ya ngome. Filamu ingefichwa koponi bila kusafishwa mpaka Edgar amalize kuchora, kisha irudi kwenye kamera, na ngome ipigwe pale palipobaki giza.

Kwenye ngazi wakapiga mstari wa chaki.

"Usivuke hapo, mwanangu," alisema Edgar. "Ukivuka unaingia kwenye giza."

"Baba nawe! Umeshasema mara mia."

Kamera ikaanza kuzunguka, naye akavuka. Macho yake yalikuwa kwenye taa isizimike, akapanda ngazi moja zaidi, kisha nyingine, mpaka akaupita mstari mzima mzima. Sid akapiga kelele. Nesta akashuka akijichekesha, midomo imemkauka.

"Huko juu kuna baridi, Baba," alinong'ona. "Na kuna watu."

Huko juu kulikuwa na ubao mtupu na hewa.

Jua likajificha, wasipate kurudia. Mwanzo wa picha ulifaa. Mkia wa filamu, pale Nesta alipovuka, Sid akasema wataukata vipande vya kujaribia ngome, kimoja kimoja. Usiku Nesta akalala kama kawaida. Asubuhi hakuamka. Hospitali walimkuta anapumua, hana homa, macho wazi, lakini hayafuati kidole. Madaktari wakakuna vichwa.

Edgar alirudi studio kwa sababu nyumba ilimshinda. Akamaliza mnara, wakapiga kipande cha kwanza cha kujaribia, wakakisafisha. Sid akakiinua kwenye mwanga.

"Umechora taa dirishani?"

"Sijachora taa."

Kwenye kioo, dirisha la juu la mnara lilikuwa jeusi tii. Kwenye filamu alikuwamo msichana. Alishika taa, na mkono wake ulifungwa kitambaa cheupe. Nyuma yake walisimama watu, wengi, wamembana.

Edgar akarudi kwenye kioo. Alichukua brashi, akachora ngazi kutoka dirisha lile kushuka chini. Kipande cha pili, Nesta alikuwa kwenye ngazi. Siku hiyohiyo, hospitali, kidole chake kikatikisika.

Basi akachora. Hakula, hakunyoa ndevu. Kila kipande, Nesta alikuwa chini zaidi. Kila kipande, wale watu nao walikuwa chini zaidi.

"Edgar, hao nao wanakuja," Sid alinong'ona.

"Na waje. Mie namtaka wangu."

Kikabaki kipande kimoja. Edgar akaziunganisha ngazi zake na mstari wa chaki. Wakapiga picha yenyewe ya ngome pamoja na kile kipande cha mwisho, naye akakimbia na kopo kwenda chumba cha kusafishia. Hakuaga. Hakusema kioo kisiguswe. Na kila mtu wa kazi ile anajua: picha ikishapigwa, kioo hufutwa papo hapo kingojee ngome nyingine.

Akainua kipande, bado kinachuruzika maji. Nesta alikuwa ngazi ya mwisho, mguu mmoja umeinuliwa. Haujagusa chini. Ilibaki hatua moja. Angeisogeza ile ngazi juu kidogo tu, unene wa kidole, mguu ungekanyaga! Akarudi mbio, anateleza kwenye theluji, analitaja jina la Nesta.

Sid alikuwa anapangusa wembe. Chumba kilinuka tapentaini ya kufutia rangi.

"Nimekusafishia kioo, bwana. Wewe nenda kwa mwanao."

Kwa wema kabisa. Maskini Sid, mpaka leo akikumbuka hulia kama mtoto. Edgar akakaa sakafuni. Simu ya hospitali ilipolia, hakuna aliyetaka kuipokea. Nesta alikuwa amekata pumzi, mguu mmoja umeinuka juu ya godoro, na manesi walishindwa kuulaza.

Kitu kimoja tu hakikufutika. Kwenye kioo palibaki kimwali cha taa, cha manjano, kidogo kama punje ya mtama. Sid alikikwangua mbele, akakikwangua nyuma. Hakikuwa mbele, wala hakikuwa nyuma.

Edgar alikichukua kioo, akakisimamisha ukumbini kwake. Alijaribu tena kuchora ngazi. Rangi haikushika, iliteremka yote kama maji mgongoni mwa bata. Sisi majirani tulikiona kile kimwali kwa macho yetu. Asubuhi kiko kushoto, adhuhuri kimehamia kulia, jioni kimeshuka mpaka ukingoni, kinapapasa, kisha kinarudi juu taratibu.

Na ukutani kwetu tunamsikia mzee akigonga kioo kwa kucha, polepole, siku nzima.

"Huku, mwanangu. Huku."