Niliijua Picha ya Shangazi, Nikanyamaza

Nina miaka ishirini na sita, mhitimu wa shahada ya sanaa, na huu ni mwaka wa pili nimekaa nyumbani Mapera bila kazi. Najua mkimaliza kusoma mtanidharau. Nidharauni tu... mimi nimeshatangulia.

Shangazi yangu Restituta aliolewa Chiwanda, kule ziwani, na sasa ni mjane. Marehemu mumewe alimpikia mwalimu mmoja Mzungu, ambaye alipoondoka alimwachia picha kubwa yenye fremu na kioo. Ndani yake kiti kinaelea angani, kimeota mizizi, na kivuli chake ni cha farasi. Ni ile sanaa inayochora mambo kama ya ndotoni.

Mwenye nyumba ya wageni mmoja wa Mbinga mjini aliipenda. Akaahidi kumpa shangazi bati za kuezeka nyumba nzima. Paa la shangazi lilikuwa la nyasi zilizooza, na mvua zilibakiza wiki chache. Angekubali siku hiyohiyo! Lakini kaka zake wakamwambia ailete kwanza Mapera, kwa kuwa ukoo una msomi wa picha.

Msomi mwenyewe ndiye mimi.

Akaja nayo imefungwa kwenye kitenge. Tukakaa sengu, kile kikao chetu Wamatengo ambapo ukoo unakula pamoja na kuamua mambo yake. Kikiamuliwa kitu pale, mtu mmoja hakigeuzi. Nililijua hilo tangu mtoto.

Niliipiga picha kwa simu, nikaikuza. Nikaona vidoti vya wino, vyekundu, vya bluu, vya njano, vimejipanga kama kwenye kalenda ya ukutani. Nilijua papo hapo kwamba ni nakala ya mashine. Lakini nikaanza kuwaza... Je, kama ni nakala ya zamani sana? Je, kama zilichapwa chache? Nikisema si kitu, halafu yule bwana akaiuza ng'ambo, nitauficha wapi uso wangu? Na wazee walikuwa wameacha kula wananitazama. Tangu nihitimu, hakuna aliyewahi kuninyamazia ili nizungumze!

Baba mkubwa Otmari alishauri nibandue karatasi ya nyuma tuone kuna nini. Nikamwambia mtaalamu habandui ovyo. Mtaalamu gani? Niliogopa tu kitakachoonekana.

“Inaweza kuwa kitu kikubwa,” nikasema. “Msiitoe kwa bati.”

Shangazi akaniuliza kwa upole, “Una hakika, mwanangu? Maana mvua hainisubiri.”

Nikamjibu aniachie mimi. Kikao kikaamua picha isitolewe, ibaki kwangu.

Yule bwana alipopata jibu alicheka, akanunua picha ya maporomoko ya maji sokoni, na bati akaezekea banda la kuku. Kuku wakapata paa, shangazi akakosa!

Mvua ya tatu ilishusha paa pamoja na ukuta wa nyuma. Shangazi akahamia jikoni kwa mkwewe. Mama mkwe kulala kwa mume wa binti yake... mnaielewa aibu hiyo?

Ndipo nikabandua karatasi, peke yangu, kama mwizi. Nyuma palikuwa na muhuri wa kiwanda cha uchapaji, na maneno kwamba ni pambo la ukuta. Nikaibeba hadi kwa mwenye nyumba ya wageni, nikambembeleza atoe hata nusu ya bati.

“Kijana,” akasema, “mimi sikutafuta thamani. Nilipenda kiti na farasi. Sasa ukuta umejaa.”

Nikateremka Chiwanda. Nilimkuta shangazi anageuza dagaa wa usipa kwenye kichanja cha kuanikia. Nikamwamkia, nikamweleza yote, hadi vile vidoti.

“Kwa hiyo ulijua?”

“Nilijua, shangazi.”

Hakunitukana. Aliendelea kugeuza samaki wake mpaka mwisho wa kichanja, kisha akawaita wajukuu. “Mleteeni mgeni maji ya kunywa.”

Mgeni! Mimi, mtoto wa kaka yake!

Wasomi wenzangu, mnaotetemeka mkiulizwa mbele za watu, nawasihi... msijifanye wakubwa kwa kutumia shida ya mtu mwingine. Mkijua, semeni, hata kama mtaonekana wadogo. “Hii ni nakala tu.” Maneno manne. Yangeezeka nyumba.