Nyundo ya Kamati

Mmezidi sasa. Kila mkikaa mnataka habari za mdogo wangu, kana kwamba mimi ni redio. Haya, nasema leo, halafu mniache na mgongo wangu unaouma.

Msitu ulikuwa wetu sote. Tuliulinda kwa zamu, na mizinga yetu ya nyuki ilining'inia kwenye miti mikubwa ya kando ya chemchemi. Asali ile ndiyo ilitulisha. Mti haukukatwa mpaka kamati ya msitu iugonge kwa nyundo yenye alama. Nyundo ilikaa kwenye sanduku lenye kufuli mbili: ufunguo mmoja kwangu, wa pili kwa mwenyekiti, huyo mdogo wangu wa tumbo moja, niliyemlisha uji kwa kijiko.

Asubuhi moja alinikuta nachambua maharage.

"Dada, nipe ufunguo. Nyundo imeshika kutu, naipaka mafuta."

"Na kamati?"

"Kwa mafuta tu, dada? Tuitishe mkutano?"

Nikacheka. Nikampa. Mjinga mimi.

Siku ya tatu malori ya kubeba magogo yakaingia. Miti yote ya chemchemi ilikuwa imegongwa alama, halali kabisa. Ikaangushwa, mizinga ikapasukia chini. Wanawake wenzangu wakanitemea mate.

Tukamnyang'anya uenyekiti. Nyundo ikafungiwa, funguo zote mbili nikapewa mimi, kama adhabu, ili likitokea tena lawama iwe yangu peke yangu.

Wiki ile ile, mchana kweupe, mlango wake ukagongwa. Ko. Akafungua. Hakuna mtu. Kwenye ubao wa mlango, alama ya nyundo.

Kesho yake, meza. Kisha kitanda.

Akauchoma mlango. Alama ikatokea kwenye jiwe la kizingiti.

Mwisho akaja kwangu. Akavua shati.

"Dada," akanong'ona, "niangalie mgongoni."

Hapakuwa na jeraha. Ngozi imebonyea tu.

"Ipo?"

"Ipo."

"Watanikata?"

Nikamrudishia shati lake. Siku ile ya ufunguo, yeye alinitajia kukata miti, au mafuta tu?

Usiku ule alilala na miguu miwili mizima. Aliamka imekufa yote miwili, kuanzia magotini kushuka chini, baridi, mikavu. Daktari alichoma sindano, hakuhisi kitu. Basi, ndivyo alivyolipa.

Namwogesha mimi, nani mwingine? Na kila nikimwaga yale maji, kwenye beseni unabaki unga wa mbao. Mbichi.