Kura ya Bi Mkubwa

Seremala na mdogo wake walifanya kazi katika karakana moja, uani kwa mama yao. Seremala alikata mbao na kuunga fremu za makochi. Mdogo wake, fundi wa vitambaa, alitia sponji na kuyavisha. Mke wa seremala alipiga msasa na vanishi. Mama yao, ambaye mtaa mzima ulimwita Bi Mkubwa, alikaa mlangoni akipokea wateja. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu. Wateja aliwatambua kwa sauti zao.

Karakana ile haikukosa kelele. Kulikuwa na msumeno, nyundo, redio na utani. Kisha uchaguzi wa baraza la mkoa ukakaribia, na utani ukaisha.

Seremala alikuwa upande wa Muungano wa Daraja. Mdogo wake alikuwa Muungano wa Ngazi. Mwanzoni walibishana huku wakicheka. Siku moja mmoja akamwita mwenzake kibaraka. Tangu hapo hawakusemezana tena.

"Mama, mwambie huyo fundi wako fremu iko tayari," alisema seremala.

"Mama, mwambie seremala wako mguu mmoja umepinda," alijibu mdogo.

"Mwambie macho yake ndiyo yaliyopinda!"

"Jamani!" Bi Mkubwa alisema. "Mnasimama bega kwa bega. Mimi nimekuwa simu yenu?"

Hilo la simu angeweza kulivumilia. La kura lilimchoma.

Baraza la mkoa ndilo lililoamua mambo ya maji, barabara na hospitali. Bi Mkubwa alitaka hospitali yao ipate daktari wa macho. Aliwasikiliza wagombea wote redioni. Alikwisha kuamua, na hakumwambia mtu. Lakini angewekaje alama kwenye karatasi asiyoiona?

"Usijali, Mama," seremala alimwambia. "Jumamosi, siku ya kura, nitaingia nawe. Nitakuwekea alama mimi."

Mdogo wake alisikia. Aliutupa mkasi. "Akuwekee yeye? Atakuibia kura mchana kweupe! Nitakuingiza mimi, Mama. Au humwamini kitinda mimba wako?"

"Mimi ndiye mkubwa," seremala alisema.

"Mkubwa wa makochi, si wa kura ya Mama!"

Bi Mkubwa alinyanyua mkono. "Basi. Sitakwenda kabisa. Mmefurahi?"

Aliingia ndani akapapasa ukuta mpaka kitini. Siku ile hakugusa chakula. Tangu alipofikia umri wa kupiga kura, hakuwahi kukosa hata mara moja. Sasa wanawe walikuwa wamemfungia mlango bila kujua.

Mkwe wake, mke wa seremala, alimletea chai. Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alikaa kando yake. Mara wakasikia sauti barabarani: "Ndugu mpiga kura! Ijue haki yako!"

Alikuwa jirani yao, mama mmoja aliyewahi kusimamia vituo vya kupigia kura. Safari hii tume ya uchaguzi ilikuwa imemtuma kuelimisha watu. Alizunguka na kipaza sauti, ndiyo maana watoto walimwita Mama Kipaza.

Mkwe akachungulia dirishani. "Mama Kipaza, hebu pita ndani kidogo. Ila hicho kipaza kizime."

Mama Kipaza aliingia, akasikiliza kisa chote. Kisha akacheka kwa upole.

"Bi Mkubwa, kura ni yako wewe. Asiyeona vizuri anaruhusiwa kuingia na msaidizi. Lakini msaidizi unamchagua wewe. Si yeye anayekuchagua."

"Kweli?"

"Kabisa. Na ataapa mbele ya msimamizi kwamba atafuata unalotaka, na kwamba hatatoa siri. Akivunja kiapo, anashitakiwa."

Bi Mkubwa alisogea mbele. "Na zile alama za zamani, kama kengele, ziko wapi kwenye karatasi? Redioni sikusikia alama."

"Safari hii hutazikuta. Vyama kadhaa vimeungana na kusimamisha mgombea mmoja hapa kwetu. Kengele imejiunga na Muungano wa Daraja, kwa hiyo alama yao ni daraja. Wale wengine wameungana wakachukua ngazi. Yupo pia mgombea binafsi, alama yake ni saa. Unachagua mmoja tu. Ukiweka alama mbili, kura imeharibika. Ukikosea kabla hujaitumbukiza, omba karatasi nyingine."

"Kumbe! Ningekaa natafuta alama za zamani mpaka kituo kifungwe."

Wale ndugu wawili walikuwa wamesimama mlangoni, wakisikiliza.

"Sasa Mama, si unaona?" seremala alisema. "Nichague mimi."

"Wewe ni wakala wa Daraja kituoni," Mama Kipaza alimjibu. "Wakala haruhusiwi kumsaidia mpiga kura."

Mdogo wake akatabasamu.

"Wewe nawe usicheke. Sheria inakuruhusu, mama akikutaka. Umewahi kumuuliza anataka nini?"

Kijana alivuta pindo la fulana yake.

"Na hiyo fulana ya Ngazi siku hiyo iache nyumbani."

Bi Mkubwa alinyoosha mkono, akaushika mkono wa mkwe wake. Ulikuwa unanuka vanishi. "Nitaingia na huyu."

"Safi sana!" seremala alisema. "Mke wangu hataniangusha."

"Lakini huyo ni mkewe!" mdogo alilalamika. "Ataambiwa cha kuweka!"

"Shemeji, akili ninayo," mkwe alisema. "Nawe baba watoto, usinisemee. Kura ni ya Mama. Nikiapa, nimeapa."

Jumamosi ilifika. Wazee walipitishwa mbele ya foleni. Msimamizi alimuuliza Bi Mkubwa, "Bibi, huyu umemchagua mwenyewe?"

"Mwenyewe, bila kusukumwa."

Mkwe aliapa. Wakaingia nyuma ya pazia. Alimsomea wagombea wote polepole, jina na alama. Bi Mkubwa akamnong'oneza jibu lake.

Mkwe alinyamaza kidogo. Yeye mwenyewe asingemchagua mgombea yule.

Bi Mkubwa alikisikia kile kimya. "Vipi, mwanangu?"

"Hakuna kitu, Mama. Lete mkono." Aliuongoza mkono wa mama mkwe wake mpaka kwenye kisanduku kile kile alichokitaja. Bi Mkubwa akaweka alama mwenyewe. Mkwe aliikunja karatasi, akampeleka kwenye sanduku la kura. "Tumbukiza."

Karatasi ilidondoka ndani. Bi Mkubwa alishusha pumzi ndefu. Alihisi kama mtu aliyetua gunia kutoka kichwani.

"Ahsante," alisema.

"Wewe ndiye umepiga, Mama. Mimi nilishika mkono tu."

Kesho yake matokeo yalitangazwa. Mgombea wa Ngazi alishinda katika eneo lao, lakini kwa kura chache. Watu walirudi kwenye shughuli zao. Hakuna aliyerusha jiwe.

Jioni ile seremala alikaa sebuleni, amenuna. Mdogo wake alikaa upande wa pili. Alitamani kushangilia, lakini hakuweza mbele ya sura ile.

"Mke wangu," seremala aliita, "niambie mimi tu. Mama alimpa nani?"

"Niliapa," sauti ilijibu kutoka jikoni.

"Mama, basi sema wewe!"

"Nilimpa mgombea," Bi Mkubwa alijibu, naye akiwa huko huko jikoni.

Kisha wanawake wale wawili wakaangua kicheko, wakacheka mpaka sufuria ikadondoka. Wakacheka tena.

Mdogo aligeuka. Akamtazama kaka yake usoni, kwa mara ya kwanza baada ya siku nyingi.

"Kaka, unadhani wanacheka nini?"

Seremala alisikiliza kidogo. Uso wake ukalegea.

"Sisi," alisema.

Na yeye pia akacheka.