Shimo Juu ya Chemchemi

Kila asubuhi Wasike aliondoka nyumbani amevaa shati jeupe. Mfukoni alichomeka kalamu. Kalamu yenyewe haikuwa na wino, lakini nani angeuliza? Mkewe Nangila alisimama mlangoni akimtazama kwa fahari. Mume wake alikuwa karani katika ofisi za mji wa Eldoret.

Hakuwa karani. Ulikuwa uongo mtupu. Wasike aliendesha gari la ng'ombe la takataka. Alipofika zizini alivua shati, akavaa koti la kaki lililochakaa, akazunguka mitaa ya wazungu kukusanya taka. Jioni alioga kwa sabuni katika mto Sosiani, akavaa shati lake, akarudi nyumbani kama bwana mkubwa.

Uongo huo aliuanza Kimilili, siku alipokwenda kuposa. Mzee Wepukhulu, baba yake Nangila, alimwuliza, "Wewe unafanya kazi gani?" Wasike aliona aibu, akajibu, "Karani." Uongo ukishauingiza nyumbani, inabidi uulishe kila siku. Wasike aliulisha miaka sita, hadi mwaka wa 1951.

Wakati huo gari la taka halikufika lokesheni, mtaa walimoishi Waafrika. Watu walitupa taka walivyozoea kwao. Huko kwao maganda na majivu hutupwa migombani, nayo migomba hustawi. Lakini lokesheni haikuwa na mgomba hata mmoja. Maganda, makopo na matambara yalilundikana nyuma ya nyumba. Panya walinenepa kuliko paka.

Basi mzee wa lokesheni, Mzee Murunga, aliita baraza.

"Tumeruhusiwa kuchimba shimo la taka," alisema. "Tuchimbe wapi?"

"Kule juu kilimani!" watu walijibu. "Mbali na milango yetu!"

Wasike alikaa nyuma kabisa. Yeye alijua. Kazi yake ilikuwa imemfundisha kwamba maji ya mvua huteremka na uchafu. Na chini ya kilima kile ndipo palipokuwa na chemchemi yao ya maji ya kunywa. Aliinua mkono.

"Nyamazeni, karani anataka kusema!" jirani mmoja alipaza sauti.

Watu wote waligeuka. Wasike aliingiwa na hofu. Je, wakimwuliza amejuaje mambo ya taka? Aliushusha mkono.

"Nilikuwa nafukuza nzi tu," alisema.

Watu walicheka. Shimo likachimbwa kilimani.

Mwezi wa nne mvua kubwa ilinyesha. Wiki ya pili ya mvua, binti yao Nelima, mtoto wa miaka minne, alianza kuhara damu. Siku ya tatu hakuweza kusimama. Wasike alimbeba mikononi hadi hospitali, Nangila akimfuata mbio.

Dresa aliyewapokea, yaani msaidizi wa daktari, aliitwa Kipyego. Alimpima mtoto, akampa dawa, kisha akauliza, "Mama, mnakunywa maji ya wapi?"

"Ya chemchemi, daktari."

"Mnachemsha?"

"Ya nini? Maji yenyewe inang'aa."

"Maji inaweza kung'aa na bado iwe na ugonjwa. Huyu ni mtoto wa tano kutoka kwenu wiki hii. Kuna nini hapo juu ya chemchemi?"

Nangila alifikiri. "Shimo la taka."

"Na vinyesi vya watoto mnatupa wapi?"

"Hapo hapo."

Kipyego alitikisa kichwa. "Mvua inaosha shimo, uchafu unaingia kwa maji, na nyinyi mnakunywa. Nani alichagua mahali hapo?"

"Sisi wote. Hakuna aliyejua," Nangila alisema.

Wasike aliinamisha kichwa. Alitamani ardhi ipasuke immeze.

Jumapili baada ya ibada, Mzee Murunga aliita baraza tena. Mzee Wepukhulu alikuwa amekuja kumwona mjukuu wake mgonjwa, akapewa kiti mbele. Nangila alikuja mara moja kutoka hospitali, macho mekundu.

"Shimo tulihamishie wapi?" Mzee Murunga aliuliza.

Mtu mmoja alisema, "Pengine nyuma ya shule." Wengine wakaanza kukubali.

Wasike alisimama.

"Si nyuma ya shule," alisema. "Watoto watacheza ndani yake."

"Wewe karani, umejuaje mambo ya taka?" jirani mmoja aliuliza.

Swali lile lile alilolikimbia lilikuwa limefika. Alimtazama baba mkwe wake, kisha akatazama chini.

"Mimi si karani. Mimi ni mtu wa gari la takataka. Shimo lichimbwe upande wa chini wa lokesheni, mbali na chemchemi na mbali na mto. Taka ifunikwe na udongo kila jioni. Vinyesi viende chooni. Maganda na majivu muweke kwa shamba la mboga. Makopo na matambara yakae kwa debe lenye kifuniko. Tuwaombe wakubwa wa mji gari lipite huku, Jumanne na Ijumaa. Lipite barabara ya kanisa. Ile njia ya juu ng'ombe watateleza wakati wa mvua."

Nangila alisimama polepole.

"Ile siku ya baraza ya kwanza, ulijua?"

"Nilijua."

"Na mimi nikateka maji ile kila asubuhi, nikampa mtoto. Na wewe unaniangalia tu."

Wasike aliketi.

Mzee Wepukhulu alikohoa. "Mkwe wangu, takataka haijaniaibisha. Mimi nimechunga nguruwe ya Kaburu huko Soy miaka kumi. Lakini ulinyamaza mtoto akinywa uchafu. Hiyo ndiyo imenivunja moyo."

Mpango wa Wasike ulikubaliwa. Shimo la zamani lilifukiwa, jipya likachimbwa chini. Wakubwa wa mji wakakubali gari lipite. Kipyego alikuja kuwafundisha akina mama kuchemsha maji. Mvua za mwezi wa nane zilipofika, hakuna mtoto wa lokesheni aliyehara damu.

Nelima alipona, ingawa alikonda sana. Wasike alimpa kalamu ile achezee. Lakini Nangila alizungumza na mumewe maneno machache tu.

Ijumaa moja gari lilisimama mbele ya nyumba yao. Wasike alikuwa ndani ya koti lake la kaki, mbele ya majirani wote. Alipiga kengele. Nangila alitoka na debe, akalimwaga garini mwenyewe. Akarudi ndani. Wasike alishika kamba za ng'ombe aondoke.

"Ngoja," Nangila aliita. Alitoka na kikombe cha maji, akampa.

"Imechemshwa," alisema.

Wasike aliyanywa yote, bila kuinua macho.